Maswali yenu: Maisha ya nyuma ya uwanja wa farasi unaokata pumzi

Toleo lililopita tuliandika kidogo tu kuhusu Golden Gate Fields, ule uwanja wa mbio za farasi wa California uliokaa pembeni ya ghuba ya San Francisco tangu 1941 na ukafunga milango Juni 9, 2024. Tukadhani hiyo habari watasoma watu wawili watatu basi, kumbe jamani, maswali yamemiminika mpaka mhariri kashangaa. Nimetupiwa mimi niyajibu kwa sababu mazizi ya kule nayajua, kabla ya kushika kalamu nilikuwa natembeza farasi kwenye uwanja mmoja mdogo hukohuko Marekani, uwanja wenyewe siutaji na hata nikiutaja hamtaujua. Yale maswali ya "nipe farasi wa jumapili" nimeyaacha, ningekuwa nawajua hao farasi nisingekuwa naandika hapa saivi.

Mbio zenyewe dakika mbili tu zimeisha. Sasa hao wafanyakazi wote wanafanya nini siku nzima? (Msomaji, Nakuru)

Ndugu yangu, hizo dakika mbili ndo sehemu ndogo kuliko zote. Siku inaanza saa kumi alfajiri, ukichelewa sana kumi na nusu, na inaanza kila siku, iwe krismasi iwe nini, hata kama uwanja una mbio siku tatu tu kwa wiki, maana farasi hajui ratiba, anakula na anakunya kila siku.

Saisi (mtunza farasi) mmoja anakuwa na farasi wake wanne au watano, anawajua kuliko anavyowajua watoto wake. Kitu cha kwanza anaangalia ndoo ya chakula, farasi aliyebakiza chakula usiku ana jambo lake. Alafu anainama anapitisha kiganja kwenye miguu, toka goti kushuka chini hadi kwenye kwato, anatafuta joto. Mguu ukiwa na moto kidogo kuliko mwenzie trena (mwalimu wa farasi) anaambiwa hapohapo na huyo farasi leo hatoki kukimbia. Daktari atakuja baadae na mashine yake ya kupiga picha na bili yake ndefu, ila wa kwanza kujua ni kiganja cha saisi, na mi naamini kabisa farasi wengi waliokolewa na hicho kiganja kuliko na mashine, japo saisi jina lake huwezi kuliona kwenye gazeti hata siku moja.

Baada ya hapo ni kupiga brashi, kuweka tandiko, kumkabidhi kwa mpanda wa mazoezi (huyu si joki anayepanda siku ya mbio, ni mtu mwingine, anakuwa mzito kidogo na anapanda farasi sita saba asubuhi moja), farasi anaenda kukimbia, anarudi anatoka jasho na mvuke kama sufuria ya ubwabwa, anaoshwa, alafu ndo naingia mtu kama mimi. Kazi yangu ilikuwa kumshika kamba na kuzunguka nae, nusu saa, dakika arobaini, duara hilohilo moja, kila baada ya mizunguko kadhaa anapewa mafunda ya maji, mpaka kifua kipoe na pumzi itulie. Ukimaliza unapewa mwingine. Watu wanacheka wakisikia kuna mtu analipwa kutembea na farasi, lakini jaribu kumshika mnyama wa kilo 450 au 500 aliyeogopa mfuko wa plastiki unaopeperuka alafu uje tuongee.

Saa nne asubuhi mazoezi yanafungwa. Hapo sasa kuna kufunga bendeji miguuni, kupaka ule udongo wa kupoza, kuweka barafu, kubadili maranda au majani ya kulalia, kutoa samadi ambayo kwa zizi lenye farasi thelathini ni mlima kabisa. Fundi wa viatu anapita, karibu kila mwezi farasi anabadilishwa viatu, vya siku ya mbio vinakuwa vya alumini maana ni vyepesi. Mchana kama farasi wako ana mbio unamsindikiza, usiku unamrudisha. Kama hana, unapumzika kidogo alafu jioni unarudi kumlisha. Ndo siku imeisha hiyo, kesho saa kumi tena.

Naomba kuuliza, ni kweli wanalala hapohapo na farasi? Na watoto wao je? (Mama wa watatu, Morogoro)

Ni kweli mama, shikamoo. Viwanja vingi vya Marekani vina vyumba huko nyuma, vingine viko juu ya mazizi yenyewe, vingine ni mabanda marefu pembeni. Chumba kimoja, kitanda, friji ndogo, bafu la kushirikiana nje. Harufu ya farasi inaingia kwenye nguo mpaka unaacha kuisikia, unakuja kuishtukia siku umepanda basi na watu wanahama siti.

Wengi wao ni watu wa Mexico, Guatemala na nchi za upande huo, wengine wameingia kwa viza ya kazi za msimu, wengine wamekaa miaka ishirini. Kila mtu ana leseni ya serikali ya jimbo, amechukuliwa alama za vidole, bila kitambulisho hupiti getini hata kama wewe ni mjomba wake trena. Sasa watoto hapo ndo pagumu. Viwanja vingi haviruhusu familia kulala kwenye mazizi, kwaiyo baba anaishi huku, mke na watoto wako Michoacán kule Mexico au wamepanga chumba mjini na anawaona jumatatu na jumanne. Kuna wachungaji maalum wa viwanja vya farasi, hawa wanasalisha pale asubuhi kati ya zizi na zizi, wanatafuta nguo, wanafundisha kingereza, wanampeleka mtu hospitali, na wengi wanawategemea hao kuliko ofisi.

Kwa nini watu wanakubali? Kwa sababu kodi hamna au ni ndogo sana, na California kodi ya nyumba inatisha. Ila ndo mtego wenyewe huo. Uwanja ukifungwa hupotezi kazi peke yake, unapoteza na kitanda siku hiyohiyo. Pale Golden Gate Fields tangazo la kufunga lilitoka Julai 2023, kwanza walisema mwisho wa mwaka, wakasogeza hadi Juni 2024. Kwaiyo kuna watu waliishi karibu mwaka mzima wanaamka saa kumi kuhudumia mahali ambapo wameshaambiwa hapapo tena. Na walivyokuwa wanaamka ni hivyohivyo, miguu inapapaswa, maji yanabadilishwa.

Mi mtu wa mikeka, naona dunia nzima inabeti kila dakika. Sasa uwanja wa kamari unafilisikaje? Au kuna watu wanakula? (Mpenzi wa odi, Mbagala)

Hili ndo swali lenyewe, nivumilie nijibu kwa kirefu kidogo.

Kwanza elewa kwamba kule uwanja haubeti na wewe. Pesa zote za wabetaji zinaingia kwenye mfuko mmoja, uwanja unakata fungu lake, kati ya asilimia 15 na 25 hivi kutegemea aina ya mkeka, kinachobaki wanagawana waliopatia. Kwaiyo uwanja haujali nani kashinda, unajali kitu kimoja tu, mfuko uwe mkubwa. Kwenye lile fungu ndo inatoka zawadi ya wenye farasi, mishahara ya ofisi, umeme, trekta la kusawazisha njia, kila kitu.

Sasa tuseme mbio ina farasi 10. Ukitaka kutabiri wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa mpangilio, kuna njia 720. Mbio ikiwa na farasi 5 kuna njia 60 tu. Unaona tofauti? Kwenye farasi 5 kila mtu anaona kilekile, odi (kiasi unacholipwa ukipatia) zinakuwa za kitoto, watu wa mikeka kama wewe wanahamia uwanja mwingine kwenye simu zao. Mfuko unapungua. Mfuko ukipungua na zawadi inapungua. Zawadi ikipungua mwenye farasi anapiga hesabu, chakula, trena, daktari, viatu, vyote bei ileile au imepanda, anamhamisha farasi wake jimbo lenye pesa. Sasa wiki ijayo mbio ina farasi 4. Mzunguko unaendelea hivo mpaka chini kabisa, na ukishaanza sijauona ukigeuka wenyewe.

Kule nyuma huu mzunguko unausikia kwenye simu. Kuna mtu wa ofisi kazi yake ni kupanga mbio, asubuhi nzima anawapigia matrena, kaka nisaidie nina farasi wanne tu mbio ya tano, niletee hata yule wako mzee, nitakukumbuka mwezi ujao. Trena anaguna, anamwangalia yule mzee, anasema haya. Mi nilikuwa napita na kamba yangu nasikia, nikawa najua kabisa yule mzee hajapumzika vya kutosha. Hapo ndo umaskini wa uwanja unageuka hatari kwa farasi na kwa joki aliye juu yake, na hili watu wa ofisini huwa hawapendi kuliongelea.

Na farasi wenyewe wamepungua. Mwaka 1986 Marekani ya kaskazini walisajiliwa watoto wa farasi wa mbio zaidi ya 51,000. Miaka hii hawafiki 20,000. Viwanja vinagombania haohao.

Alafu hizo beti za kwenye simu unazosema, mtu akibeti nyumbani kwake mbio za uwanja wangu, uwanja wangu unapata asilimia chache tu, pesa kubwa inabaki kwa mwenye aplikesheni. Zamani huyo mtu angekuja uwanjani, angelipa paking, angekula soseji, angebeti getini. Saivi majukwaa ya watu elfu kadhaa yana wazee arobaini wanaangalia televisheni zinazoonesha viwanja vingine!

Majimbo mengine yamepewa mashine za kamari, sehemu ya hiyo pesa inamwagwa kwenye zawadi za farasi, New York wanafanya, Kentucky wanafanya kwa mtindo wao. California hawana hiyo, kasino za kule ni za makabila ya wenyeji wa asili na viwanja vya farasi havimo kwenye lile dili. Kwaiyo mwenye farasi mzuri anaangalia zawadi ya Kentucky anaangalia ya California, anafunga mizigo.

Umeuliza kama kuna watu wanakula. Wezi wapo kila mahali sikatai, lakini kinachomaliza viwanja hivi kiko chini ya miguu yao, ni ardhi. Golden Gate Fields ilikuwa imekalia kama ekari 140 pembeni ya bahari, dakika chache toka San Francisco. Nani atakubali hiyo ardhi ibaki ya farasi wanne kwa mbio? Jirani yao Bay Meadows, uliofunguliwa 1934, ulifungwa 2008 yakajengwa majumba na maofisi. Hollywood Park kule Inglewood ulifungwa Desemba 2013, leo hapo umesimama SoFi Stadium, uwanja wa mpira wa Kimarekani. Arlington Park karibu na Chicago walikimbia mara ya mwisho Septemba 2021, timu ya mpira wa Kimarekani ya Bears ikaununua kwa dola milioni 197.2. Suffolk Downs ya Boston ikafuata 2019. Hata Singapore, ambako mbio zilianza 1842, klabu yao ilikimbiza mara ya mwisho Oktoba 2024, serikali inataka ardhi. Mi sidhani ni bahati mbaya kwamba kila uwanja unaokufa uko kwenye kiwanja cha bei mbaya.

Nimeona picha farasi kalala zizini na mbuzi. Ni editing? (Shabiki, Tanga)

Sio editing kabisa. Farasi wa mbio anafungiwa peke yake masaa ishirini na kitu kwa siku na kwa asili ni mnyama wa kundi, kwaiyo wengine wanachanganyikiwa, wanapiga mateke ukuta, wanazunguka humo ndani mpaka wanakonda. Wanapewa rafiki, mbuzi ndo maarufu, wengine kuku, wengine farasi mdogo wa kupandia. Akihamishwa na mbuzi anahamishwa, gari moja. Kwetu kulikuwa na mbuzi mmoja alikuwa anakula karatasi za ratiba ya mazoezi zikiwa zimebandikwa ukutani, tulikuwa tunamlaumu yeye kila tukichelewa.

Kuna mtu kaniambia farasi anaweza kuuzwa katikati ya mbio. Inakuaje hiyo? (Fundi, Arusha)

Karibu sawa, ngoja nikueleweshe. Mbio nyingi za viwanja vidogo zinaitwa za bei, yani kila farasi anayeingia ana bei yake imeandikwa, tuseme dola 8,000. Mtu yoyote mwenye leseni ya kumiliki akiweka karatasi kwenye sanduku la ofisini muda fulani kabla ya mbio na pesa yake iko kwenye akaunti, mlango wa kuanzia ukifunguka tu yule farasi ni wake. Zawadi ya mbio hiyo inaenda kwa mwenye farasi wa zamani, lakini farasi anaondoka na wa mpya. Wakiwa wameweka watu watatu wanachezesha kura kwa vidude vyenye namba.

Ukiifikiria ina akili sana. Inakuzuia usimweke farasi wako mkali kwenye mbio za wanyonge, maana watamchukua kwa bei ya bure. Kwaiyo kila mtu anaweka farasi wake pale anapostahili, bila hiyo mbio zisingekuwa na ushindani hata kidogo.

Kwenye uwanja unaokufa lakini inageuka mchezo mwingine. Wenye farasi ni walewale kumi na tano, wanachukuliana farasi walewale, wiki hii yuko zizi namba 12, mwezi ujao zizi namba 20, bei inashuka 8,000, 6,250, 5,000. Na mara nyingi farasi anayeshushwa bei haraka haraka kuna kitu mwenyewe anakijua kwenye mguu, anaomba achukuliwe na mjinga. California walau waliweka kanuni, farasi akionekana kaumia baada ya mbio yule aliyemchukua ununuzi unafutwa, kwaiyo huwezi tena kumsukumizia mwenzio ugonjwa kirahisi. Kanuni nzuri kuliko zote mi naona.

Upande wa saisi ndo unauma. Umemlea mnyama mwaka mzima, unajua anapenda kukunwa wapi, unampeleka kwenye mbio ukiwa na ndoo na kamba. Mbio inaisha, anatokea saisi mwingine na kamba yake, anakwambia huyu wetu. Unavua ya kwako unamwachia, unarudi zizini na ndoo. Na ile desturi ya saisi kupewa asilimia moja farasi akishinda nayo umeshaikosa kwa huyo. Wengine wanajifanya hawajali, wanawasha redio.

Wanawadunga madawa? Sema ukweli usiogope. (Asiyependa janja, Kigoma)

Siogopi. Dawa zipo za aina mbili, za halali na za wizi. Kuna sindano moja maarufu ya kuzuia farasi asivuje damu mapafuni, hii inadungwa hadharani kama masaa manne kabla ya mbio na inaandikwa kwenye ratiba wabetaji waione, nchi nyingi nje ya Marekani siku ya mbio hairuhusiwi kabisa. Za wizi nazo zipo, matrena wamefungwa jela kwa hizo. Tangu Julai 2022 kuna mamlaka ya taifa zima inayosimamia usalama wa mbio, zamani kila jimbo lilikuwa na sheria zake na adhabu zake, ukifukuzwa huku unahamia kule.

Upimaji wenyewe uko hivi, mshindi na wengine wachache wanapelekwa zizi maalum, wanatembezwa wapoe, wanachukuliwa damu na mkojo. Mkojo hauji kwa amri. Kuna mtu mzima kabisa ameajiriwa kukaa na kikombe kwenye fimbo ndefu anapiga mluzi, farasi wamezoeshwa mluzi wakikojoa. Jioni ya baridi ukipita pale unasikia mluzi mmoja mrefu na farasi anakuangalia tu kama hajaelewa.

Huku Muscat na Dubai mbio zipo na kamari hamna. Mbona hazifi? (Mswahili wa Ghuba)

Kwa sababu kuna anayelipa. Dubai World Cup imeanza 1996 na uwanja wa Meydan ulifunguliwa 2010, pale tiketi ya kubeti hamna, zawadi zinatoka kwa watawala na wadhamini. Uwanja wa namna hiyo hauhitaji mfuko wa wabetaji, unahitaji mtu mwenye nacho aendelee kupenda farasi. Akiendelea kupenda, saisi wa Kipakistani au wa Sudan analipwa mwisho wa mwezi. Siwezi kusema ni bora au si bora, ila saisi wa Meydan na saisi wa Golden Gate wote usingizi wao uko mikononi mwa mtu wasiyewahi kusalimiana nae.

Na Ngong? Hiyo ni yetu, mbona hamuiandiki? (Msomaji, Dagoretti)

Una haki ya kulalamika dada. Mbio za Nairobi zilianza 1904, uwanja wa sasa wa Ngong Road uko pale tangu 1954, chini ya Jockey Club of Kenya, na wengi waliowahi kusikia jina lake nje ya Kenya wamelisikia kwa sababu ya Beryl Markham, yule mama rubani aliyevuka Atlantiki 1936. Alipata leseni ya utrena akiwa msichana, farasi wake wakashinda Kenya Derby mara sita, na alifariki 1986 akiwa anaishi kwenye nyumba ndani ya eneo lilelile la uwanja. Zamani Nakuru na Eldoret nako walikimbiza, saivi ukitaka mbio ni jumapili Ngong basi.

Shida za Ngong zinafanana na za California kwa pesa, lakini wana ya kwao zaidi. Kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unasambazwa na vijidudu vidogo kama usubi vinavyouma usiku, na farasi wengi wakiupata wanakufa. Pundamilia anaubeba bila kuumwa kwaiyo kuumaliza haiwezekani, unachanja kila mwaka na unaomba. Kwa sababu ya huo ugonjwa nchi za Ulaya hazipokei farasi toka ukanda wetu hivihivi tu, kuna karantini na mlolongo mrefu, maana yake mfugaji wa Kenya akipata farasi wa ajabu kumuuza nje ni kazi kweli. Soko lake ni hapohapo, na hapohapo wenye farasi ni wachache. Ongeza kwamba kijana wa Nairobi anayebeti anabeti mpira wa Uingereza kwenye simu, farasi hana habari nao.

Kwaiyo uwanja unajitafutia vya pembeni, kuna gofu humohumo ndani, kuna yale maonesho ya magari na pikipiki ya zamani ya Concours d'Elegance. Mi hiyo naisifu. Golden Gate Fields angepata hata nusu ya hiyo akili miaka ishirini nyuma sijui kama ingesaidia, bei ya ardhi ile ilikuwa imeshapaa, lakini angalau majukwaa yangekuwa na watu wasio na miaka sabini. Na ardhi ya Ngong Road mnajua wenyewe bei yake ikoje saivi.

Uwanja ukifungwa farasi wanaenda wapi? Wanachinjwa? (Mwanafunzi, Iringa)

Wazima wanahamia. Wa Golden Gate wengine walishushwa kusini mwa California, viwanja vya Santa Anita na Los Alamitos, kampuni iliyokuwa na Golden Gate ndo yenye Santa Anita pia na ilisema wazi inataka kukusanya farasi huko. Wengine wakaenda Pleasanton, uwanja wa maonesho ya kilimo uliojaribu kushika nafasi, msimu mmoja tu, ikafika Desemba 2024 nao ukashindwa. Kwaiyo kuna familia zimehama mara mbili ndani ya mwaka.

Tatizo ni wale wazee na wenye miguu mibovu. Farasi wa mbio anastaafu akiwa na miaka mitano, sita, na anaweza kuishi mpaka 25 na zaidi, hiyo ni miaka ishirini ya kula bila kuingiza senti. Machinjio ya farasi Marekani yalifungwa 2007 lakini malori yakawa yanavuka mpaka kwenda Mexico na Canada, kwaiyo jibu la swali lako ni ndio, wapo waliofika huko. Kuna mashirika yanayowachukua na kuwafundisha kazi nyingine, kuruka vizuizi, kubeba watoto, kuna na chombo cha kuyakagua na kuyapa pesa tangu 2012, na viwanja vingi saivi vinamfungia mwenye farasi akigundulika kampeleka kwenye mnada wa nyama. Ila nafasi hazitoshi. Uwanja ukifunga ghafla ndo zinajaa siku moja, na hapo saisi ndo anaonekana anazunguka na simu akitafuta mtu mwenye shamba, sio mwenye farasi, saisi, mtu wa mshahara mdogo kuliko wote pale.

Nina miaka 23, nguvu ninazo, naweza kupata kazi kwenye mazizi nje? (Kijana, Dodoma)

Unaweza ndugu, maana watu wa kazi hiyo hawatoshi karibu kila nchi. Lakini usitume pesa kwa wakala yoyote anayekwambia ana viza ya farasi mkononi. Anzia karibu, nenda Ngong uombe hata kujitolea kutoa samadi, au kwenye vilabu vya kupanda farasi vya Arusha, ujue kwanza kama unaweza kusimama nyuma ya farasi bila kutetemeka. Barua ya trena inayosema umehudumia farasi wanne kwa mwaka na hakuna aliyeumia kwa uzembe wako ina uzito kuliko cheti chochote. Na ukienda Ghuba au Marekani, swali la kwanza kuuliza kabla ya mshahara ni chumba kiko kwenye mkataba au la, na mkikatishana kazi unapewa siku ngapi kutoka.